Magma Ikipenya, Je, Miamba Jirani Huyeyuka?

Usiku wa Novemba 10, 2023, wakazi wa mji wa Grindavík, kusini-magharibi mwa Aisilandi, walihamishwa baada ya matetemeko ya mfululizo. Chini yao magma ilikuwa imepasua ardhi na kujipenyeza humo kama ukuta mwembamba wenye urefu wa kilomita 15 hivi. Barabara zilipasuka, ardhi ikadidimia, lakini lava haikutoka siku ile. Ilitoka Desemba 18, zaidi ya mwezi mmoja baadaye, nje kidogo ya mji.

Habari za namna hii zinapovuma, swali hujirudia: magma inayobaki chini inaifanya nini miamba iliyoizunguka? Majibu yanayosambaa huwa mawili. Wengine husema inaiyeyusha, na kwamba ndivyo inavyojichimbia njia kwenda juu. Wengine husema inaiunguza. Hili la pili si kweli hata kidogo, maana kuungua kunahitaji oksijeni na kitu cha kuwaka, na mwamba si kuni. Lile la kwanza lina chembe ya ukweli. Magma huweza kweli kuyeyusha majirani zake, ila ni kwa nadra kuliko wengi wanavyodhani, na kila inapofanya hivyo hulipa kwa joto lake yenyewe. Suala hilo la malipo ndilo linalofungua mambo mengine yote, kwa hiyo nitalirudia.

Kwanza majina. Magma ni mwamba ulioyeyuka ukiwa bado chini ya ardhi, mara nyingi ukiwa umechanganyika na fuwele zilizokwisha kuganda na gesi zilizoyeyukiana nao. Ikitoka nje inaitwa lava. Ikipenya kati ya miamba mingine na kuganda humohumo, tunaiita kwa umbo lake: ikisimama wima kama ukuta ni daiki, ikilala kati ya matabaka kama shuka lililotandikwa ni sili, na ikiwa lundo kubwa la kilomita kwa kilomita ni batholithi. Miamba iliyokuwepo kabla haijafika ni miamba wenyeji, na magma ni mgeni wao. Ile sehemu ya mwenyeji iliyogeuzwa na joto la mgeni nitaiita ukanda wa mguso. Kando ya daiki nyembamba ukanda huo unaweza kuwa wa sentimita chache. Kuzunguka batholithi unaweza kuzidi kilomita moja. Nyuzi zote za joto nitakazotaja ni za Selsiasi.

Hakuna bahari ya moto chini yetu

Kosa linalozaa makosa mengine ni picha ya dunia kama mpira: ganda jembamba juu, na chini yake bahari ya moto inayongoja upenyo. Sivyo ilivyo. Chini ya ganda la dunia kuna koti lenye unene wa kilomita karibu 2,900, na koti hilo ni mwamba mgumu. Tunalijua hilo kwa sababu aina moja ya mawimbi ya tetemeko, yale yanayotikisa kwa kukata upande kwa upande, haiwezi kupita kwenye kimiminika, lakini hupita kwenye koti bila shida. Kimiminika cha kweli kipo mbali zaidi, katika kiini cha nje, nacho ni chuma kilichoyeyuka, si magma.

Magma basi huzaliwa mahali maalumu tu, ambapo sehemu ndogo ya mwamba mgumu huyeyuka: mgandamizo unapopungua, maji yanapoingia, au joto linapozidi. Kwa kuwa ni nyepesi kuliko mwamba uliobaki, hupanda. Na katika ganda la juu, lililo baridi na linalovunjika kirahisi, haipandi kwa kuyeyusha. Hupanda kwa kupasua. Mgandamizo wake hufanya kazi ya kabari kwenye gogo: ncha hufungua ufa, magma hujaa, ufa husonga mbele. Ndiyo maana Grindavík ilitikisika usiku kucha. Yale matetemeko yalikuwa sauti ya mwamba unaopasuka.

Joto lina hesabu yake

Magma ya basalti, mwamba mweusi wa volkano, huwa na nyuzi 1,000 hadi 1,200 au zaidi kidogo. Magma nzito kwa mnato, ile inayoganda kuwa itale, huwa na nyuzi 700 hadi 900 hivi. Mwamba mwenyeji ulio kilomita tatu au nne chini unaweza kuwa na nyuzi 100 tu. Watu husikia 1,200 na kudhani mambo yameisha: kitu cha moto kiasi hicho kitashindwa na nini?

Lakini kiwango cha joto ni jambo moja, na wingi wa joto ni jambo lingine. Cheche ya kulehemu ina joto kali kuliko beseni la maji yanayochemka, ila cheche ikikudondokea utaruka tu, na beseni likikumwagikia utalazwa hospitali. Daiki yenye unene wa mita moja ni cheche. Batholithi ni beseni.

Chukua magma ya nyuzi 1,150 iliyojipenyeza ghafla kwenye mwamba wa nyuzi 100 na kutulia. Pale wanapogusana, joto halitakuwa la mgeni wala la mwenyeji. Litakuwa karibu na wastani wa hayo mawili: nyuzi 625 au zaidi kidogo. Ukingo wa magma hupoa papo hapo, mwenyeji naye hupanda, na wanakutana katikati. Nyuzi 625 hazitoshi kuyeyusha karibu mwamba wowote wa kawaida. Kwa hiyo kinachoganda kwanza ni mgeni mwenyewe. Ukitazama daiki iliyofukuliwa na mmomonyoko utaiona dalili hii kwa macho: katikati fuwele ni kubwa za kuonekana, lakini kadiri unavyosogea ukingoni zinazidi kuwa ndogo, hadi mwamba unakuwa laini mweusi, wakati mwingine kama kioo. Ukingo ule uliganda haraka mno, fuwele hazikupata nafasi ya kukua. Magma ilijivika ala yake yenyewe, na ala hiyo ikawa kinga kati yake na jirani.

Kuna akiba nyingine ambayo wengi hawaihesabu. Kitu kinapoganda hutoa joto bila kupoa, lile linaloitwa joto fiche. Ni mbadilishano uleule wa barafu, ambayo humeza joto jingi inapoyeyuka ingawa inabaki kwenye nyuzi sifuri. Kilo moja ya magma ikiganda yote hutoa joto linalokaribiana na lile ambalo ingelitoa kwa kupoa nyuzi 300 hadi 400. Kwa hiyo magma inayoganda taratibu ni tanuri linaloendelea kujichochea kwa muda mrefu.

Halafu kuna mwendo wa joto ndani ya mwamba, na hapa nasihi msomaji atulie kidogo, maana namba zake zinashangaza. Mwamba ni msafirishaji mbaya wa joto. Kuvuka mita moja ya mwamba, joto huchukua siku kama 12. Unaweza kudhani basi mita kumi ni siku 120. La. Umbali ukizidi mara kumi, muda huzidi mara mia: mita kumi ni miaka mitatu hivi. Mita mia moja ni miaka 300. Kilomita moja ni miaka kama 30,000. Hii ndiyo sababu daiki nyembamba inapoa kabla jirani hajajua kilichompata, wakati batholithi hukaa ikiwapasha moto majirani zake kwa vizazi visivyohesabika. Mgeni anayepita na mgeni anayehamia hawaachi alama sawa.

Kubadilika bila kuyeyuka

Sasa tufike kwenye jambo ambalo magma hulifanya mara nyingi zaidi: kugeuza mwamba ukiwa bado mgumu. Neno “geu” katika “miamba geu” huwapotosha watu wakadhani lazima uwe umeyeyuka na kuganda upya. Haikuwa hivyo. Mwamba ulioyeyuka wote ukaganda ni mwamba wa mgando, familia nyingine kabisa. Mwamba geu hubadilika bila kupita kwenye kimiminika.

Mfano ulio karibu na kila mtu ni tofali. Tofali bichi ukiliweka kwenye maji linarudi kuwa tope. Likipita kwenye tanuri haliyeyuki, halipotezi umbo, lakini likitoka si udongo tena. Maji hayalirudishi nyuma. Ndani yake maji yaliyokuwa yamefungwa kwenye chembe za udongo yamefukuzwa, na chembe zimeshikana upya. Mwamba wa tope, yaani udongo mfinyanzi uliogandamizwa kwa miaka mamilioni, ukiguswa na magma hupita njia hiyohiyo, ila huenda mbali zaidi kwa sababu muda upo na mgandamizo upo.

Ukitembea kutoka mbali kuelekea kwenye batholithi iliyokwisha kupoa, unaweza kusoma hatua zake moja baada ya nyingine. Mwanzoni mwamba wa tope ni uleule wa kuchanika matabaka. Kisha yanatokea madoa meusi, kama mtu aliyeanza kuota vipele. Ni madini mapya yanayoanza kujikusanya. Mbele zaidi ulanga mweusi, madini ya vibamba vyembamba, unaongezeka na fuwele ndefu za andalusiti zinajitokeza. Karibu kabisa na mpaka, mwamba hauchaniki tena. Umekuwa mgumu, mzito, wa chembe ndogo zilizosukana pande zote, na ukiugonga kwa nyundo unalia. Wanajiolojia wanauita honifelsi.

Andalusiti ina kisa chake. Imeundwa kwa aluminiamu, silikoni na oksijeni. Joto likipanda zaidi, viungo vilevile kwa kiasi kilekile hujipanga upya na kuwa madini mengine, silimaniti. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa, mpangilio tu. Kwa hiyo mahali andalusiti inapoishia na silimaniti kuanza ni kama mstari wa kipimajoto uliochorwa ndani ya mlima, unaosomeka mamilioni ya miaka baada ya moto kuzimika. Victor Goldschmidt, aliyekuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alichapisha mwaka 1911 utafiti wake kuhusu miamba iliyookwa na magma katika eneo la Oslo, mji uliokuwa ukiitwa Kristiania wakati huo. Alionyesha kuwa madini yanayotokea hayaji ovyo: ukijua viungo vya mwamba wa awali na joto lililoufikia, unaweza kueleza ni madini gani yatakaa pamoja. Tangu hapo ukanda wa mguso ukawa maabara.

Mchangamawe safi hauna mengi ya kusimulia. Chembe zake za kwatzi hukua na kushikana hadi unakuwa kwatzaiti, mwamba ambao ukivunjika ufa hukata chembe zenyewe badala ya kupita pembeni mwake. Wenye mengi ni mwamba wa chokaa.

Chokaa na mtutu wa bunduki

Mwishoni mwa karne ya 18, mwanajiolojia James Hutton wa Edinburgh alikuwa akitetea wazo lililowaudhi wengi: kwamba itale iliwahi kuwa kimiminika cha moto kilichopanda kutoka chini, wakati wapinzani wake waliamini ilijitenga kutoka kwenye maji ya bahari ya kale. Mwaka 1785 alikwenda kwenye bonde la Glen Tilt, Uskoti, akakuta mishipa ya itale imeingia na kuchana katikati ya miamba mingine iliyo mikongwe zaidi. Kitu kigumu hakiwezi kuingia kwenye nyufa za mwenzake namna ile. Lazima kilikuwa kimiminika, na lazima kilikuja baadaye.

Wapinzani walikuwa na hoja nzuri, na ningependa tuipe heshima yake. Kila mchoma chokaa anajua kwamba jawe la chokaa likifikishwa kwenye nyuzi 900 hivi linatoa gesi ya kaboni dioksidi na kubaki unga mweupe wa kujengea. Kama magma ya moto iligusana na miamba ya chokaa, mbona pembeni mwa itale tunakuta marumaru nzuri yenye fuwele zinazometa, si unga?

Hutton alijibu kwamba chini ya ardhi uzito wa miamba ya juu huizuia gesi kutoroka. Hakupenda wazo la kujaribu jambo hilo kwenye chombo kidogo; aliona kazi za dunia ni kubwa mno kuigwa na binadamu. Rafiki yake, James Hall, alimheshimu, akangoja. Hutton alipofariki mwaka 1797, Hall akaanza. Alijaza unga wa chokaa ndani ya mitutu ya bunduki, akaiziba barabara, akaitia kwenye tanuri. Mingi ilipasuka. Hakuacha. Alipotoa taarifa yake mwaka 1805 aliweza kuonyesha kwamba gesi ikizuiwa, chokaa haigeuki unga hata ikipata joto kali. Hushikamana upya na kuwa mwamba wa fuwele unaofanana na marumaru. Napenda kisa hiki kuliko vyote katika somo hili, kwa sababu mtutu mmoja uliozibwa ulijibu swali ambalo mabishano ya miaka mingi hayakulijibu. Joto peke yake si kitu. Joto pamoja na mgandamizo ndilo lenye neno.

Lakini chokaa ikiwa na mchanga ndani yake mambo huwa tofauti. Silika ya mchanga, ile inayounda kwatzi, huungana na kalisi ya chokaa kutengeneza madini meupe yenye nyuzinyuzi, wolastoniti, na kaboni dioksidi hufukuzwa hata chini ya mgandamizo wa kilomita kadhaa. Gesi hiyo lazima iende mahali. Hutafuta nyufa, hupanda.

Kwa daiki moja, gesi hiyo haina madhara makubwa. Lakini miaka milioni 252 hivi iliyopita, kwenye eneo kubwa la Siberia, magma ya basalti ilijisambaza kama sili nene ndani ya matabaka yaliyojaa makaa ya mawe, chokaa na chumvi. Miamba wenyeji iliokwa ikatoa kaboni dioksidi, methani na gesi nyingine kwa wingi wa kutisha. Wakati huohuo rekodi ya visukuku inaonyesha kutoweka kwa viumbe wengi kuliko wakati mwingine wowote tunaoujua, na watafiti wengi wanaona kuokwa kwa miamba ile kulichangia sana. Makaa ya mawe ni mmojawapo wa miamba michache inayokaribia lile neno “kuungua”, lakini hata yenyewe chini kule, bila hewa, huokwa tu hadi kutoa gesi, kama kuni ndani ya tanuri la mkaa.

Maji ya moto nayo hayakai tu. Yanayofukuzwa kutoka kwenye mwenyeji na yanayotoka kwenye magma inayoganda hupita kwenye nyufa yakiwa yamebeba chuma, shaba, tungsteni, wakati mwingine dhahabu, na yakikutana na chokaa hubadilishana nayo mizigo. Hapo ndipo panapozaliwa skani, mwamba wa ganeti na madini mengine mazito, ambao machimbo mengi duniani huufuata kwa ajili ya mbale yake, yaani mawe yenye metali za kuchimbwa. Katika sehemu hii ya ukanda wa mguso joto si mpikaji peke yake tena. Viungo vyenyewe vimebadilishwa.

Ni lini basi mwenyeji huyeyuka?

Ili kuelewa hili, mfikirie fundi wa redio na waya wake wa kulehemu. Bati peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 232. Risasi peke yake, 327. Ukizichanganya kwa kipimo sahihi, mchanganyiko huyeyuka kwenye nyuzi 183, chini ya zote mbili. Wawili wakichanganyika, kila mmoja anamvurugia mwenzake mpangilio wake.

Miamba hufanya vivyo hivyo. Kwatzi peke yake huhitaji zaidi ya nyuzi 1,700, joto ambalo magma ya kawaida haina. Feldispa, madini mengine makuu ya itale, peke yake huhitaji zaidi ya 1,100. Lakini pale chembe ya kwatzi inapogusana na chembe za feldispa, na kukiwa na maji, chini ya kilomita kadhaa za ardhi, kuyeyuka kunaweza kuanza karibu na nyuzi 700. Maji ni kiungo cha ajabu hapa. Huingia kati ya minyororo ya silika na kuikata, na mwamba hulegea kwenye joto ambalo ukiwa mkavu ungelistahimili bila kutikisika. Na maji hayo si lazima yawe ya kisima. Ulanga una maji ndani ya muundo wake, na ukifikia joto fulani huvunjika na kuyaachia. Kwa hiyo mwamba wa tope wenye ulanga mwingi ni mwepesi kuyeyuka. Mchangamawe wa kwatzi tupu, kando yake, kwenye joto lilelile, haufanyi kitu. Wanaouliza “mwamba huyeyuka kwa nyuzi ngapi?” wanauliza swali lisilo na jibu moja. Mwamba upi? Mkavu au wenye maji? Chini kiasi gani?

Wala hauyeyuki wote kwa mkupuo. Unatoa jasho. Matone ya kwanza hutokea kwenye pembe ambapo chembe tofauti zinakutana, kisha yanaungana kuwa utando mwembamba, kisha mishipa. Kinachoyeyuka mapema ni kile chepesi kuyeyuka, chenye silika nyingi na rangi ya kung'aa. Kinachobaki ni kizito na cheusi. Mwamba ukiganda katika hali hiyo, mishipa myeupe na mabaki meusi yamejiviringisha pamoja, huitwa migmataiti. Mtu akiiona anaona mwamba ulioshikwa katikati ya tendo lake.

Na gharama? Norman Bowen, mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi katika maabara ya Carnegie mjini Washington, aliliweka wazi jambo hili katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Magma kwa kawaida haina joto la ziada. Imekwisha kuanza kuganda. Ili impashe jirani na kumyeyusha, ni lazima sehemu yake yenyewe igande na kuachia joto fiche. Kila kipande cha mwenyeji kinachoyeyuka, kipande cha mgeni kimeganda kulipia. Ndiyo maana magma haiwezi kujichimbia njia hadi juu kwa kuyeyusha tu. Ingefilisika njiani.

Isipokuwa kama mtu mwingine anaendelea kulipa. Chukua kikombe baridi ukimiminie maji ya moto mara moja: kikombe kitapata vuguvugu, maji yatapoa, na mambo yataishia hapo. Sasa kishike kikombe hichohicho chini ya bomba la maji ya moto yanayotiririka bila kukoma. Baada ya muda kikombe kina joto la maji. Daiki ambayo magma mpya inazidi kupita ndani yake hufanya hivyo kwa kuta zake.

Ushahidi wake upo kwenye milima ya Wallowa, Oregon, Marekani. Miaka milioni 16 hivi iliyopita, daiki za basalti zilipita kwenye mwamba wa jamii ya itale zikilisha mafuriko makubwa ya lava kwenye bonde la mto Columbia. Leo mmomonyoko umezifunua. Nyingi kati yake zina ukingo ulioganda haraka, na jirani yake hana dalili ya kuyeyuka, kama hesabu ya wastani inavyotabiri. Lakini chache zimeyeyusha kuta zao kwa mita kadhaa. Mwamba ni uleule, magma ileile. Tofauti ni kwamba hizi chache zilikuwa njia kuu: hesabu za joto zinaonyesha kuwa magma ilitiririka humo kwa miaka, si kwa siku. Hivyo ukuta ulioyeyuka umekuwa saa inayotuambia mlipuko wa kale ulidumu muda gani.

Mfano mwingine ulipatikana kwa bahati. Mwaka 2009, wachimbaji wa kisima cha jotoardhi huko Krafla, kaskazini mwa Aisilandi, walikuwa wamekusudia kufika kilomita nne au zaidi. Wakiwa kwenye mita karibu 2,100, mtambo ulianza kukwama, na vipande vya kioo kilichoganda punde vikapanda juu na maji ya kuchimbia. Walikuwa wameingia kwenye magma yenyewe, ya nyuzi 900 hivi. Cha kushangaza, haikuwa magma ya basalti kama sehemu kubwa ya kisiwa. Ilikuwa na silika nyingi. Watafiti walioichunguza walihitimisha kwamba ilitokana na basalti ya zamani, iliyokuwa imelowana na kubadilishwa na maji ya moto kwa muda mrefu, kisha ikayeyushwa kwa sehemu na joto la magma mpya iliyokuja chini yake. Yaani mwenyeji alikuwa ametoa jasho, na jasho lile likawa magma ya aina nyingine. Kisima kile baadaye kilitoa mvuke wa nyuzi 450 mdomoni.

Turudi Grindavík. Ukuta ule ulioingia usiku wa Novemba ulikuwa na unene wa mita chache, kwa hiyo kwa namba zetu ni kitu kinachopoa ndani ya miezi hadi miaka michache, ukingo wake umekwisha kuganda ndani ya saa za mwanzo, na basalti iliyo kando yake imeokwa kidogo bila kuyeyuka. Lakini haukubaki peke yake. Kati ya Desemba 2023 na 2025 magma ilirudi mara kadhaa kwenye mstari huohuo wa nyufa, ikatoka na kutiririka. Kila iliporudi ilikuta kuta ambazo hazikuwa zimemaliza kupoa tangu mara iliyotangulia.